Amani Tumesoma, Sasa Tufundisheni Vita

"Kwani wewe unataka kujiunga na jeshi?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa chuoni siku nilipopeleka kurasa mbili za pendekezo langu la utafiti. Nilikuwa mwaka wa nne, somo la historia, na nilitaka kuandika kuhusu maasi ya wanajeshi wa Lanet ya Januari 1964. Mhadhiri wangu, mtu mpole ambaye sina ugomvi naye hata leo, alisoma kichwa tu. Akaniangalia, msichana wa kilo hamsini na kidogo, akacheka, akauliza swali lake. Kisha akaacha kucheka. "Mambo ya jeshi ni nyeti. Utapata wapi data? Tafuta kitu cha amani."

Nikatafuta kitu cha amani. Tasnifu yangu inahusu mchango wa vikundi vya akina mama katika kuleta maridhiano Nakuru baada ya uchaguzi wa 2007. Ni mada nzuri, akina mama wale walinipokea vizuri, na nilipata B. Lakini kila nikiiona kwa rafu nasikia aibu, kwa sababu nilikubali upesi sana. Hata sikubishana. Nimekuja kubishana sasa.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili usiutafute: vyuo vikuu vya Kenya vifundishe historia ya kijeshi, kwa raia, waziwazi, kama vinavyofundisha historia ya biashara na ya dini. Nchi inayopeleka vijana wake vitani halafu inakataa kuvisomea vita hivyo inawadanganya mara mbili: siku ya kuwaaga, na siku ya kuwazika.

Mimi ni mtoto wa Gilgil. Watu wa Nairobi wanaijua Gilgil kama mahali pa mizani ya malori, mahali matatu ya Nakuru inapopunguza mwendo. Sisi tuliozaliwa huku tunaijua kama mji wa jeshi. Kuna kambi, kuna chuo cha NYS, na asubuhi unaamshwa na kuruta wanaokimbia wakiimba. Ukikuta wateja watatu dukani, mmoja ni afande, au mke wa afande, au mtu anayemdai afande. Tulicheza paredi kabla ya kujua kuandika majina yetu. Hata hilo neno *afande* lilifika kwetu limechoka: lilitoka kwa Waturuki, likapita Misri na Sudan pamoja na askari walioletwa kupigania wakoloni, likatua midomoni mwetu. Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza hivyo darasani.

Halafu kuna makaburi ya vita. Kama hujawahi kufika, nenda siku moja. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa kwa mistari iliyonyooka, na juu ya jiwe kuna jina, namba ya jeshi, kikosi na tarehe. Wengi ni wa Vita vya Pili vya Dunia. Tukiwa watoto tulikuwa tunasoma majina yale kwa sauti kama mtu anayeita rejista. Nilidhani kila aliyekufa vitani huwekewa jiwe.

Sivyo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi haya ilitoa ripoti na kukiri kwamba Waafrika, Wahindi na wengine waliokufia ufalme wa Waingereza hawakukumbukwa sawa na wazungu. Watu wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, pengine hata 350,000, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Hao ni babu zetu wa Carrier Corps, wapagazi waliobeba risasi na unga hadi wakafa kwa maradhi na njaa. Walichoachiwa ni jina la soko, Kariokor hapo Nairobi, Kariakoo kule Dar. Unaweza kununua kiondo pale kila wiki na usijue kwamba umesimama juu ya jina la msiba.

Sasa niambie, ni nani alikuwa na kazi ya kuwahesabu hao watu kabla ya 2021? Kwa maoni yangu, sisi.

Twende shuleni kidogo. Kila aliyefanya historia KCSE anakumbuka mtindo: taja sababu tano za Vita vya Kwanza vya Dunia, eleza matokeo sita. Tulikariri mpango wa Schlieffen, jinsi Mjerumani alivyotaka kupitia Ubelgiji kuipiga Ufaransa. Mimi ningekuchorea ramani yake usiku wa manane. Lakini kilima cha Salaita, karibu na Taveta, ndani ya Kenya hii, ambapo tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Wajerumani lenye askari wengi Waafrika liliwarudisha nyuma wazungu wa Afrika Kusini, nilikisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka 22. Nilikisoma kwa simu, ndani ya matatu, si darasani.

Na Gilgil yenyewe je? Chukua eneo ambalo matatu inalimaliza kwa saa moja, kutoka Naivasha hadi Lanet, uone.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua silaha na kuwafungua wafungwa. Usiku huohuo ndio wa mauaji ya Lari. Tunafundishwa Lari kama huzuni, na Naivasha kama mstari mmoja. Lakini uvamizi ule ulikuwa oparesheni: kuna mtu aliyepeleleza, kuna mtu aliyepanga lori, kuna mtu aliyejua bunduki zimewekwa chumba gani. Ukiusoma hivyo, Mau Mau wanaacha kuwa watu wenye nywele ndefu kwenye picha. Wanakuwa watu wenye akili ya vita.

Gilgil hapa, kuanzia 1947, Waingereza walifunga mamia ya Wayahudi wa makundi yaliyokuwa yakipigana nao Palestina. Machi 1948 sita kati yao walitoroka, wakapitia Uganda hadi Kongo ya Wabelgiji. Mmoja, Yaakov Meridor, baadaye alikuwa waziri wa Israeli. Vita vya watu wengine vilihifadhiwa kwetu kama mzigo wa mtu anayesafiri, na wenyeji tukaambiwa tusiguse.

Halafu 24 Januari 1964. Uhuru una wiki sita tu. Wiki hiyohiyo wanajeshi wa Tanganyika wameasi, wa Uganda wameasi kule Jinja. Jioni, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles pale Lanet wanavunja ghala la silaha. Wana malalamiko ya mshahara, na maafisa wa Kiingereza bado ndio wanaowaamuru. Ni nani aliyeitwa kuwazima? Askari wa mizinga wa Uingereza, waliokuwa wamekaa Gilgil. Bendera yetu ilikuwa bado na harufu ya kiwanda, na serikali yetu ikaomba bunduki za yule tuliyemwaga juzi. Waasi walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, kikosi kikavunjwa. Mengi ya Kenya tunayoishi, jinsi serikali inavyoliogopa jeshi na kulibembeleza, huwezi kuyaelewa ukiruka usiku ule.

Na huyo mhadhiri wangu aliuliza data iko wapi! Timothy Parsons, wa chuo kikuu kimoja kilichoko mjini St. Louis kule Marekani, alichapisha kitabu kizima kuhusu maasi yale ya 1964 mwaka 2003. Data aliipata. Siri hiyo haikuwa siri kwa Mmarekani. Ilikuwa siri kwangu mimi, ninayetoka umbali wa nusu saa.

Nauelewa woga wa walimu wetu, na sitaucheka, kwa sababu woga huo una mwaka na una majina. Maina wa Kinyatti alikuwa mhadhiri aliyechimba habari za Mau Mau. Alikamatwa 1982 na kufungwa miaka 6. Mwaka uleule, Agosti 1, wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali, na baada ya hapo hata kutamka neno *jeshi* kwenye baa ilikuwa hatari. Walimu wa enzi ile walijifunza kunyamaza ili waishi. Shida ni kwamba walitufundisha kunyamaza kama sehemu ya silabasi. Leo tuna Katiba ya 2010, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Tuna haki, lakini ulimi bado ni wa 1982.

Ukifungua orodha ya kozi za vyuo vyetu utakuta amani, usuluhishi, usalama, diplomasia, uhalifu. Sina neno na amani. Lakini kusomea amani bila kugusa vita ni kama kusomea udaktari bila kugusa mgonjwa. Unatoka umejaa maneno: wadau, mchakato, ujumuishaji. Ukiulizwa kikosi ni watu wangapi, chakula kinafikaje mstari wa mbele, kwa nini kambi ilianguka alfajiri na si mchana, unaanza kukohoa.

Utaniambia wanaosomea hayo wapo. Ndiyo, wamevaa magwanda. Mwaka 2021 hata chuo kikuu cha ulinzi kilipewa hati yake, na mimi nafurahi maafisa wakisoma. Jeshi pia limeandika: mwaka 2014 kilitoka kitabu chao kuhusu Operesheni Linda Nchi, ile ya kuingia Somalia Oktoba 2011. Nimekisoma, kuna mengi ya kujifunza. Lakini wahenga walishasema, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Jeshi lina haki ya kuwamba ngoma yake. Kosa ni sisi wengine kukaa tukipiga makofi, hakuna hata mmoja anayejua kuwamba.

Sasa nifike pale ninapoumia.

Januari 2016 nilikuwa kidato cha pili. Mtaani kwetu kuna mama, simtaji jina, ambaye mwanawe alikuwa Somalia. Tarehe 15 Januari Al-Shabaab walivamia kambi ya Wakenya ya El Adde. Kijana alirudi ndani ya jeneza. Wakati wa matanga alikuja mzee mmoja mwenye adabu, akasimama wima, akasema kijana alikufa shujaa. Mama akaitikia, akashukuru. Watu walipotawanyika na sufuria zimeanza kuoshwa, alimgeukia shangazi yangu akamuuliza kwa sauti ya chini, "Lakini ilikuwaje?"

Shangazi hakuwa na jibu. Mimi nilikuwa nimeshika sahani, sikuwa na jibu. Serikali haikutangaza idadi kamili ya waliokufa siku ile. Ilipofika Julai, uchambuzi wa kina wa pigano lile ulitoka kwenye taasisi moja ya New York, umeandikwa na Paul Williams, anayefundisha Washington. Namshukuru, kwa dhati. Lakini bana, fikiria: mama wa Gilgil anauliza swali kwa Kiswahili, na mtu anayejaribu kulijibu anajibu kwa Kiingereza, kutoka Marekani, na jibu haliwezi kumfikia. Mwaka mmoja na siku 12 baadaye, 27 Januari 2017, kambi nyingine ya Wakenya ikavamiwa, Kulbiyow. Je, kuna kilichojifunzwa kati ya ile na hii? Kuuliza hivyo si uhaini. Ni kazi ya nyumbani ambayo hakuna darasa lililopewa.

Historia ya kijeshi ni hilo swali la mama, basi. Ilikuwaje? Nani alitoa amri, nani aliisikia, nani hakuisikia, mvua ilinyesha au haikunyesha, redio zilifanya kazi au zilinyamaza. Anayedhani ni somo la wapenda bunduki hajawahi kukaa kwenye matanga ya askari.

Najua mtakavyonijibu, kwa hivyo nitangulie.

Wa kwanza atasema: siri za nchi. Sawa. Mpango wa kesho ni siri, na sitaki kuujua. Lakini 1964 si kesho. Vita vya shifta, vya 1963 hadi 1967, si kesho. Wagalla, Februari 1984, ambapo raia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege na vyombo vya usalama na wengi wakauawa, si kesho. Tume ya ukweli na maridhiano iliandika habari zake katika ripoti ya 2013, na ripoti imekaa. Kitu kikishafika umri wa kuwa na wajukuu, hakiitwi siri tena. Kinaitwa aibu.

Wa pili atasema: mtatukuza vita. Mimi naona wanaotukuza ni wasiojua. Asiyejua anaona ndege zikipita siku ya Jamhuri na kupiga picha. Aliyesoma anajiuliza mafuta, marubani, na wale waliokuwa chini. Michael Howard, Mwingereza aliyepigana Italia kabla ya kuanzisha idara ya masomo ya vita pale King's College London, alishauri vita visomwe kwa upana, kwa kina, na ndani ya muktadha wake. Ukivisoma hivyo huwezi kuvipenda. Wagalla pia ni historia ya kijeshi, na mwanafunzi akiisoma vizuri hawezi kulisahau jeshi lake hata likimpendeza kwenye paredi.

Wa tatu atauliza: kazi utapata wapi? Haki ya Mungu, kwani ni kozi gani inaajiri siku hizi? Sote tunadaiwa na HELB sawasawa. Ila huyu nitampa jibu la pesa, kwa kuwa ndilo analolipenda. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau, na ikaeleza masikitiko yake bungeni. Wazee walishinda kwa ujasiri wao na kwa mawakili wao, lakini pia kwa makaratasi. Serikali ile ilikuwa imeyaficha mafaili ya ukoloni pale Hanslope Park, na wanahistoria ndio waliosaidia kuonyesha mahakama yanasema nini: David Anderson, Caroline Elkins, na Huw Bennett, ambaye kazi yake hasa ni jeshi la Uingereza, amri zake na nidhamu yake. Mtu aliyesomea jeshi alisimama upande wa wale waliopigwa na jeshi. Ukigawanya zile pauni si nyingi, najua. Lakini usiniambie somo hili halina faida. Niambie tu kwa nini majina yote matatu ni ya wageni.

Ninachotaka hakihitaji jumba jipya. Yuniti moja, mwaka wa pili, kwa yeyote anayetaka. Ianze na vita vya hapa, ndipo ifike Ulaya. Wanafunzi wapelekwe Taveta, Naivasha, Lanet, Wagalla, na wafundishwe kusoma ramani na amri za kijeshi. Halafu watumwe kwa wazee na rekoda, kwa Kiswahili. King's African Rifles, tangu ianzishwe 1902, iliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili chake cha kambini, kilichoitwa KiKAR. Lugha hii tunayoitania mitandaoni ndiyo iliyopokea amri kule Burma mwaka 1944. Waliokuwa Burma karibu wote wametuacha. Waliokuwa Lanet 1964, kama wapo, wana miaka zaidi ya themanini. Kila mwaka tunaosema mada ni nyeti, tunazika shahidi.

Nikipewa darasa hilo ningeanza na mtu mmoja, Waruhiu Itote. Alipigana Burma akiwa ndani ya sare ya Waingereza. Akarudi, akaingia msituni akawa Jenerali China, akawapiga walewale kwa ujuzi waliompa. Akakamatwa 1954. Baada ya uhuru akawa mmoja wa wakubwa wa NYS, hilihili shirika ambalo kuruta wake wananiamsha hapa Gilgil wakiimba. Wangapi kati yao wanaijua habari yake? Niliwahi kumuuliza mmoja, kijana wa rika langu, tukingoja matatu stejini. Aliniangalia akasema, "China? Si ile nchi?"

Sikucheka. Kosa halikuwa lake.

Mwezi uliopita nilikutana na yule mama sokoni. Ananijua, anajua nilisoma historia. Aliniuliza ninafanya nini siku hizi, nikamwambia naandika. Akasema, "Basi ukijua, uniambie." Hakusema kujua nini, nami sikuwa na haja ya kuuliza.

Zile kurasa mbili bado ninazo, na nimeanza kuandika ya tatu. Na wewe mwalimu wangu, ukisoma hapa, jibu la swali lako nilikuwa nimelikalia miaka yote hii: hapana, sitaki kujiunga na jeshi. Nataka kujua ilikuwaje. Nakuomba nafasi tu ya kuuliza nikiwa nimekaa darasani kwako.